Maneno ya Kwenye Kona ya Mchoro

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeanza mpango. Mpango wa akili kubwa!

Madam Careen anafundisha umeme chuo cha ufundi, kule Kibondo. Mimi nafundisha fizikia hapa Kasulu. Tangu semina ya Februari, tulipokaa benchi moja siku tatu, chakula changu hakina ladha. Nikipika wali ni uji, nikipika uji ni wali. Tuna kazi moja pamoja: kuchora sakiti ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Yeye anachora upande wa joto, mimi upande wa taa na kengele. Kila mmoja anachora kwenye kompyuta yake na kumtumia mwenzake.

Sasa, programu yangu ya kuchorea ni ya zamani, nilipewa kwenye flashi tangu nikiwa chuo. Yake ni mpya. Hazielewani. Faili la huku halifunguki kule. Mwingine angelia. Mimi nimeshangilia! Faili lisipofunguka, itabidi apande basi, aje Kasulu auone mchoro kwa macho yake. Nimetuma saa nne asubuhi. Nimefua mapazia.

Mama Niyubahwe, mwenye nyumba wangu, kauliza mayai yake yataingia lini kwenye mashine. Nimesema wiki hii. Kajibu kwa Kiha, "Ego, mwalimu," yaani ndiyo. Dakika tano baadaye nikamwona anamwatamisha kuku mweusi mayai kumi na mawili. Hana imani na sayansi.

Jumatano, 7 Mei

Careen kapiga simu. Faili limegoma! Nimesikitika kwa sauti kubwa. Nikasema basi hakuna namna, aje Jumamosi. Akasema hata yeye alikuwa anafikiria kuja. Nimenunua kilo ya mbuzi.

Saa kumi jioni, ujumbe. Nisijisumbue, Raymond kalifungua.

Raymond! Yule mwenye duka la kuprinti pale stendi ya Kibondo, anayevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Kaligeuzageuza faili langu, kisha likafunguka kwa Careen kama lilizaliwa huko. Nani alimtuma? Nyama nimekula peke yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Mapazia yananing'inia, meupe, bila mgeni.

Careen kaniuliza kama faili lake litafunguka kwangu, au naye alipitishe kwa Raymond. Apite kwa Raymond! Nimemjibu programu yangu inafungua kila kitu, hata mafaili ambayo bado hayajatengenezwa. Kasema afadhali, maana humo ndani kuna kitu asingependa Raymond akione.

Nimemwelewa. Ni ule ubunifu wake wa kupima joto. Raymond angeuiba.

Jumapili, 11 Mei

Faili limekuja. Halifunguki.

Nimebadilisha herufi za mwisho za jina lake ili lijifanye la kwangu. Programu imenicheka, imejifunga. Nimemaliza bando la wiki nzima kutafuta kigeuzi mtandaoni. Baada ya kanisa likafunguka. Waya zipo. Lakini vifaa vyote vimekuwa visanduku vyenye alama ya kuuliza, na maandishi yamefutika yote. Hata kona ya chini, kulia, anapoandikaga jina lake kwa herufi ndogo, ni tupu. Sikujua kama nilikuwa nalitafuta jina lile kila nikifungua mchoro. Leo nimejua. Nimekaa nikiangalia kona tupu hadi chai ikapoa.

Visanduku nimevibahatisha kwa maumbo. Kimoja nimekiita fyuzi kwa sababu kina sura ya fyuzi.

Jumanne, 13 Mei

Careen kauliza kama nimesoma alichoandika kwenye kona.

Mtihani! Nikisema sijaona, atajua programu yangu haifungui kila kitu. Atasema niende kwa Raymond. Afadhali nife. Na kwani kwenye kona ya mchoro mtu huandika nini? Tarehe. Jina. Angalizo la chanya na hasi. Basi nikamjibu kitaalamu, kama tunavyojibu kwenye vikao vya walimu: "Nimesoma. Sina maoni."

Ujumbe kausoma palepale. Hajajibu. Nadhani kavutiwa na jinsi nilivyo mtulivu.

Ijumaa, 16 Mei

Kimya siku tatu. Nimemuuliza kuhusu fyuzi. Kajibu, "Sawa, mwalimu."

Mwalimu! Kwenye semina alikuwa ananiita Elisante, tena analivuta kidogo mwishoni. Mwenyewe nimejiambia ni heshima. Lakini darasani nimefundisha mada ya jana.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu Athuman karudi kutoka Kibondo. Anasema, huku akila karanga, kwamba Madam Careen kakubali uhamisho. Anaenda Songea. Anaondoka Jumamosi.

Songea! Athuman kaendelea kula karanga. Watu wengine hawana moyo.

Nina mpango mwingine. Jumamosi nitakwenda Kibondo mwenyewe, nitamsimamisha pale stendi, nitamwambia kila kitu. Kwanza nitanyoosha shati.

Jumamosi, 24 Mei

Shati lilichelewesha. Nimefika Kibondo saa nne. Basi lake lilitoka saa kumi na mbili asubuhi, na lilipitia Kasulu. Kwa hiyo tulipishana njiani. Nadhani ni pale Makere, maana nakumbuka basi kubwa likitupita, nami nimeinama dirishani nabishana na muuza mahindi ya kuchoma kwamba hili halijaiva.

Sikuwa na pa kwenda. Nikaingia kwa Raymond. Nikampa flashi, nikamwomba aprinti mchoro ule. Kwake ulifunguka mara moja, vifaa vyote na majina yake. Fyuzi yangu haikuwa fyuzi. Raymond akasogeza kwenye kona, akasoma, akavua miwani. Macho yake ni ya kawaida tu, ya mtu mwema. Akaniwekea karatasi mkononi, akatoka nje, akasimama mlangoni ili wateja wasiingie.

"Elisante, uhamisho niliouomba mwaka juzi umetoka. Nina hadi Ijumaa kuukubali au kuukataa. Ukiniambia nibaki, nitabaki. Careen."

Nimeisoma kwenye basi njia nzima ya kurudi. Sina maoni! Mimi ndiye niliyeandika hivyo, kwa vidole hivi hivi. Nampenda. Ningemwambia abaki hata kabla hajamaliza kuuliza.

Jumatatu, 26 Mei

Kuku mweusi katotoa. Vifaranga kumi na kimoja, bila sakiti, bila kengele. Mama Niyubahwe kaniletea kimoja kwenye kiganja nikione. Kasema, "Mwalimu, mbona kifaranga kinakutoa machozi?" Nikamwambia ni vumbi.

Raymond kapiga simu. Ananishauri nimpigie Careen sasa hivi, nimweleze kwa mdomo. Au nimwandikie ujumbe wa kawaida. Kama lazima niandike kwenye mchoro, basi nimpelekee yeye kwanza augeuze uwe faili la kufunguka popote.

Nimemshukuru. Mtu mwema, lakini mambo haya hayaelewi. Careen aliniandikia kwenye kona. Nami nitamjibu kwenye kona. Nimechora betri moja, swichi moja, taa moja. Kwenye kona, chini, kulia, nimeandika yote, tangu benchi la semina hadi mahindi ya Makere. Mistari arobaini, herufi ndogo. Nimehifadhi kwenye programu yangu. Nimetuma Songea saa nne asubuhi.

Saa saba kajibu. Amesema faili halifunguki.

Halifunguki! Basi hakuna namna, itabidi aje. Songea ni mbali, lakini mabasi yapo. Nimefua mapazia.