Yah: Kusamehewa Bila Kosa kwa Sababu ya Kofia ya Bustani

Kirua Vunjo,
Alhamisi.

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,
Baba Mkubwa Sylvanus,

Shikamoo Baba Mkubwa. Natumaini mguu umepungua kuuma. Mimi mkamwana wako Pamela, niliyeolewa na Filbert wiki tano zilizopita, ni mzima, na nina furaha ambayo nikiieleza yote karatasi haitatosha. Kwa heshima kubwa naomba ukoo usitishe kunisamehe.

Naanza na kofia, maana ndiyo chanzo. Filbert aliniletea kutoka sokoni Mbuyuni kofia ya pama, pana kama ungo, akasema hataki jua liniguse. Ni kweli kihambani, yaani shamba hili la nyumbani, hakuna jua, kuna migomba na ukungu. Lakini mume anayekukinga na kitu ambacho hakipo, Baba Mkubwa, huyo anakupenda.

Kwetu Mabogini wanawake huingia mpungani na kofia, na kila mmoja huipamba apendavyo. Yangu niliizungushia utepe wa keki ya harusi yetu, mvua ikauharibu. Ndipo nikaona pembeni mwa kihamba majani marefu, mabichi, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Nikachuma saba, nikayafunga fundo moja moja kuzunguka kofia, nikaenda kupalilia maua yangu kando ya njia. Nilipendeza. Filbert alikuwa amepandisha wageni mlimani kwa siku sita, hivyo hapakuwa na wa kuniambia neno.

Sasa najua, maana nimeelezwa na kila mtu. Hilo ni isale. Huku kwenu isale lililofungwa fundo ni ombi la msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Kwetu ni jani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jirani Basili alikuwa wa kwanza. Alisimama njiani, akavua kofia yake, akasema, "Basi mwanangu, yameisha. Inuka." Nilikuwa nimeinama kwa sababu ya magugu. Nikamjibu asante, nikidhani ndivyo mnavyowasalimia maharusi. Huyu ni Basili yule yule ambaye hajamsalimia ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka kumi na tisa, kisa kipande cha ardhi ambacho kuku akiruka amekimaliza. Mimi alinisamehe kabla hajatua ndoo.

2. Akina mama wanaopeleka maziwa walinisamehe kwa mkupuo, kisha wakaanza kutafuta kosa. Walihesabu majani wakapata saba, kwa hiyo makosa ni saba. Kufikia Jumamosi matano yalikuwa yamepatikana, likiwemo la kucheka msibani na la kuwa na mchumba Mabogini mwenye trekta. Mwenye trekta ni mjomba wangu. Mawili yaliyobaki bado wanayatafuta, na nasikia wamegawana vitongoji ili kazi iende haraka.

3. Mama mkwe wangu, Mama Mektrida, alinikumbatia akalia, akasema, "Nilijua tu." Baba Mkubwa, alijua nini? Tangu jioni ile ananipakulia mtori wa mgonjwa na kuniita kwa sauti ya wodini. Hasira ya mama mkwe nilifundwa jinsi ya kuivumilia. Huruma yake sikufundwa.

4. Basili alirudi. Amegundua kwamba majani nimeyachuma kwenye masale ya mpaka wake na wetu. Alifungua mdomo anigombeze, akakumbuka ameshanisamehe, akaufunga. Alifanya hivyo mara tatu, nikamwonea huruma. Sasa anadai nimpelekee isale jingine kwa kosa la kuchuma isale. Nikimpelekea, nitakuwa nimechuma tena.

5. Hili ndilo linaloniumiza. Filbert wangu alishuka mlimani Jumanne, na maneno yakamfikia kabla yangu. Hakuvua hata buti. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Pamela, lolote ulilofanya, nimekusamehe." Nikamwambia ni mapambo. Akajibu kwa upole, "Sawa mke wangu, ni mapambo." Kisha akachukua mto akahamia kwenye kochi, ili msamaha ukomae. Baba Mkubwa, wiki tano tu za ndoa, na kochi lenyewe ni zawadi ya harusi!

6. Wewe mwenyewe, nasema kwa heshima, umeitisha kikao Jumapili baada ya misa ili nilitaje kosa, kwa kuwa msamaha usio na kosa unavuruga utaratibu wa ukoo, na pombe ya mbege imeshapikwa. Nimefikiria kutunga kosa dogo niwaridhishe. Lakini Filbert ataliamini, nami nitaishi hadi uzee na mume aliyenisamehe. Nataka yule aliyekuwa hana la kunisamehe, aliyekuwa ananitazama nikila kama vile ninaimba.

Kwa hiyo naomba wote kumi na wanne walionisamehe wafute, kwa maandishi, wakianza na Filbert. Msamaha utakaorudishwa usimwagwe. Wapewe Basili na ndugu yake, wao wana kosa tayari na hawana jani. Mbege naamini itapata sababu nyingine, sijaona ikikosa. Na kikao kiandike kwamba mikono ya Pamela haijaharibu kitu chochote katika kihamba hiki tangu alipofika.

Msalimie sana Mama Mkubwa, na wote walionisamehe, na zaidi wale ambao bado hawajapata nafasi.

Mimi mkamwana wako mtiifu, nisiye na kosa,
Pamela, mke wa Filbert.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha Filbert akaingia kuuliza iko wapi miche themanini ya kahawa aliyoiotesha mama kando ya njia. Nilidhani ni magugu. Niliyang'oa yote siku ile ya kofia, na nakumbuka nilishangaa jinsi magugu ya huku yalivyo na nidhamu ya kujipanga mstari. Filbert amecheka mpaka akakaa chini. Amesema kosa la miche anaweza kulala nalo kitanda kimoja, na ameurudisha mto. Kwa hiyo naomba ufute maombi yangu yote, na mtu yeyote asirudishe kitu. Nabaki na swali moja tu la kisheria: miche iling'oka asubuhi, Mama Mektrida akanisamehe jioni, lakini bado hajapita huko kuona. Je, msamaha wake unahesabika? Tafadhali nijibu kabla hajamaliza kukamua ng'ombe.