Kikwembe Yangu Ilitangulia Isiro

Lundi, tarehe 3 mars.
Rébecca, bibi ya mutoto wangu, andika vile nasema, usitengeneze. Bwana yangu, muzee Mbusa, iko anakufa kule Isiro, kwa Joséphine, bibi yake ya pili. Na mimi wa kwanza niko Bunia! Lori, kupitia Komanda, ni juma nzima na matope. Ndege ni saa moja na kidogo. Nikaenda ku aeroport. Stéphane wa tiketi akasema viti vimejaa. Nikamwambia saa moja ni nini, nitasimama. Zamani ku lori nilisimama mpaka Mambasa, mbuzi ndiyo ilikuwa na fasi ya kukaa. Akacheka, akaniita koko, kama nyanya yake.

Mardi, tarehe 4.
Akili! Mu kanisa, ukitaka fasi, unatanguliza kikwembe, nguo ya kujifunga, ku banc ya kukaa. Nani atagusa? Basi nimepatia Ketsia, muganga anayesafiri leo, kikwembe yangu nyekundu. Aitandike ku mukeka, karibu na kichwa ya muzee. Joséphine akae ku miguu. Huyo anapenda fasi za watu tangu alipoolewa. Ndege ikaruka. Nikamenya muhogo. Wakati wa ndege kufika kule, magoti yangu yakashika baridi, kama mutu ameketi chini. Ni uzee.

Mercredi, tarehe 5.
Joséphine amepiga simu, sauti ndogo. "Yaya, mukubwa wangu, aksanti kwa kuja. Lakini mbona hausemi?" Nikamwambia niko Bunia, mikono yangu iko mu unga. Halafu akauliza, basi ni nani ameketi hapa tangu jana, amefunga kikwembe nyekundu, hakuli, na muzee amemushika mukono. Nyuma yake mutu akakohoa. Kikohozi yangu. Rébecca alisikia pia. Usiweke kalamu chini, andika. Nikauliza kitu moja tu: weye Joséphine umekaa wapi? Ku miguu. Vizuri sana.

Jeudi, tarehe 6.
Leo muuza samaki amepita bila kunisalimia. Halafu moto, ile pikipiki ya kubeba watu, ikakaribia kunigonga, dereva akaapa hakuona mutu. Vijana wa leo hawana heshima. Stéphane akaja mwenyewe: kesho asubuhi kiti moja iko wazi. Rébecca akapiga magoti, mama, nenda, muzee anakuita. Lakini nilifikiri. Fasi yangu kule iko na mutu, na Joséphine anateseka kule ku miguu. Sasa nikienda, tutakaa wawili? Nikamwambia Stéphane, ku kiti yangu aweke mufuko ya maharagi. Watu wa matanga watakula nini?

Samedi, tarehe 8.
Muzee amekufa jana. Joséphine analia ku simu. Amesema: "Kabla ya mwisho alikuvuta karibu, akaongea mu sikio yako muda murefu, akacheka, akatulia." Muda murefu! Mimi miaka yote aliniambia tu chumvi haitoshi. Nikauliza alisema nini. "Yaya, weye ndiye uliambiwa."
Nikakata simu. Nikakaa. Nilitega sikio, hakuna kitu.
Halafu akapiga tena, akasema yule wa kikwembe nyekundu alisimama, akatoka, hajarudi.
Maziko ni lundi, kesho kutwa. Stéphane anasema kiti iko. Lakini nimekwisha kutuma kikwembe ya bluu, iniwekee fasi pembeni ya kaburi. Rébecca hataki kuandika hii. Andika. Joséphine atasimama nyuma.