Aproni Nyeupe ya Chumba cha Kuonjea

Jumatatu, 3 Juni
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa kiwanda. Bwana Ekanayake, mkuu wa utengenezaji chai, anatafuta msaidizi wa kupanga madaraja ya chai na kuionja. Jaribio ni Ijumaa. Mtu wa kazi hiyo ni mimi, hilo halina mjadala. Miaka kumi na tisa nalisha mashine ya kusokota majani, na chumba cha kuonjea nimeingia kufuta madirisha tu. Nimemweleza mke wangu Kusuma, anayechambua vikonyo vya majani ya chai kiwandani. Kumbe aproni nyeupe ameshaanza kuishona! Mke wa namna hii ni wa kutunzwa.

Jumanne, 4 Juni
Ulimi safi ndio kila kitu. Hakuna pilipili, hakuna kitunguu, hakuna samaki mkavu. Mama mkwe kaleta sambol yake ya nazi na pilipili, nikaikataa. Kauliza kama binti yake aliolewa na mgonjwa. Nimekula wali mtupu. Fungu langu kala Kusuma.
Mchana mazoezi ya kufyonza chai kwa kishindo, kama waonjaji wa kweli. Ikanipalia. Jirani akaja mbio kunipiga mgongoni.

Jumatano, 5 Juni
Mpinzani wangu ni Wijepala wa mashine ya kuchekechea chai. Anayajua madaraja yote: pekoe, jani refu, hubaki juu, chini yake pekoe iliyovunjika, halafu chenga, mwisho vumbi. Anajua mno. Lakini hana nguvu mbele ya tambuu, majani ya kutafuna yanayochoma ulimi.
Nimempelekea kishada kizima, na popoo, na kopo la chokaa. Kufikia Ijumaa ulimi wake hautatofautisha chai na maji ya kufulia. Kanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Kaka, kumbe nilikuwa nakufikiria vibaya bure." Nikaona haya. Kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Aproni imekwisha. Nimeijaribu. Inanibana kifuani na haifiki magotini. Kusuma kasema, "Baba Nimal, ivue, utaichana." Nimemsamehe, hakunipima. Kwa njaa hii, kesho itanienea.

Ijumaa, 7 Juni
Hakuna kilichoonjwa!
Kusuma nilimkuta kwenye meza ya jaribio. Nikadhani kaja kunitia moyo. Bwana Ekanayake akatumwagia sote watatu, Kusuma naye, kila mmoja fungu la chai iliyochanganyika, tuitenganishe kwa macho na vidole. Kasema daraja kwanza ni ukubwa na umbo la jani. Kuonja atafundisha mwenyewe. Kasema pia vumbi si takataka, linatoa chai nzito kuliko pekoe. Mimi vumbi langu nilikuwa nalipeperusha.
Wijepala vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa ya tambuu. Bwana Ekanayake akaona weupe kwenye pekoe, akadhani ni vichipukizi vyeupe vya chai, vilivyo adimu, akainama kuvinusa. Wijepala akatolewa nje akanawe.
Nikavuta pumzi ya ushindi. Ikaingia na vumbi. Nikapiga chafya, na madaraja yangu manne yakarudi kuwa moja, majani mengine yakatua kwenye masharubu ya Bwana Ekanayake.
Kusuma alimaliza kabla sijafuta pua. Miaka kumi na minne ya vikonyo, anaijua chai kwa ncha za vidole. Bwana Ekanayake akampa mkono. Kusuma akatoa aproni kwenye kikapu, akaivaa. Ilimkaa sawasawa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemuuliza Kusuma kwa nini alinificha kuwa naye anaitaka kazi hiyo. Kasema aliniambia Jumatatu, mara mbili, nami nilikuwa najitazama kwenye kioo. Inawezekana.
Asubuhi nimemwona kupitia dirisha la kuonjea, kikombe mkononi, mgongo wima. Nilijivunia mke wangu. Halafu wivu ukarudi.
Nimetafakari kwa kina. Mpango haukuwa na kosa lolote. Wijepala aling'oka kama nilivyotaka. Nilikosea kumpa tambuu mtu mmoja tu. Na Bwana Ekanayake kasema Kusuma yuko kwenye majaribio ya mwezi mzima.
Kesho namletea mke wangu kishada kikubwa zaidi, na makopo mawili ya chokaa.