Tiketi Kwenye Bitana

Koti hakuingia kwa kinyozi ili anyolewe. Mtu anayeishi kwa mdomo huingia kwa kinyozi kusikiliza, maana pale watu hukaa wakisubiri zamu na shida zao wameziweka magotini. Walimwita Koti kwa sababu ya koti lake la kijivu, ambalo hakulivua jua likiwaka, mvua ikinyesha, wala siku ile wauza viazi walipomtimua sokoni.

Siku hiyo shida ilikuwa moja kwa wote. Mawe Moto, bendi ya roki iliyowatia wazimu tangu ujana wao, ilikuwa inavunjika. Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi alasiri, uwanjani, mji wa pili, na tiketi zilikuwa zimekwisha.

"Zote?" aliuliza mwenye nyumba, povu likiwa limemjaa mashavuni.

"Zote, mzee wangu," alisema kinyozi. "Nimejinyima wee, nimefika dirishani, wanafunga!"

Koti alishusha gazeti polepole, kama mtu anayejiandaa kutoa pole msibani.

"Tiketi za nini?"

"Za kuingilia, jamani!"

"Loh! Kumbe mnataka kuwa watazamaji." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Mtazamaji huona visogo vya wenzake tu. Mimi ningewaingiza kama mafundi wa jukwaa. Unasimama karibu na gitaa mpaka jasho la mpigaji linakurukia. Msimamizi wa jukwaa si ni shemeji yangu?"

Shemeji huyo, naomba ieleweke, alizaliwa papo hapo, kati ya kiti cha kinyozi na mlango. Koti hakuwahi kuoa, na dada hakujaliwa.

"Sasa mimi fundi gani?" mwenye nyumba aliuliza. "Hata balbu sijui kubadilisha."

"Nani atakuuliza? Unavaa fulana nyeusi, mgongoni imeandikwa JUKWAA. Ukishavaa hiyo, mlinzi anakupisha mwenyewe. Nyinyi leteni hela ya fulana, nauli, na kidogo cha kumlainisha shemeji."

Mwenye nyumba, ambaye humgongea mpangaji mlango hata kabla mwezi haujaisha, alitoa pesa bila kungoja kufutwa povu. Habari zikaenea. Mwalimu wa hesabu akaja, fundi baiskeli akaja, kinyozi akamleta na dada yake. Basi dogo likajaa.

Hapa sina budi kufichua jambo la aibu kuhusu Koti: alikuwa na tiketi halali. Alisimama kwenye foleni, akalipa, akashukuru. Zamani, alipokuwa analala juu ya mbao za kibanda sokoni, alikuwa na redio ya betri na kanda moja tu, ya Mawe Moto, na ndiyo iliyomfikisha asubuhi. Aliipenda ile bendi kwa moyo mweupe. Mpango wake ulikuwa rahisi: awaache wenzake lango la nyuma, yeye aingie la mbele, aimbe mpaka sauti ikauke, kisha atokomee na pesa zao.

Fulana alizipeleka kwa Mama Cherehani, mjane mwenye duka dogo ambamo Mawe Moto walipiga kelele redioni kutwa nzima. Akawashonea wote herufi nyeupe mgongoni.

"Malipo, mwanangu?"

"Tukirudi, mama. Wewe si mtu wa kukimbiwa."

"Basi nipe kiti kwenye hilo basi. Mdogo wangu anakaa mji huo."

"Kiti, mama, utalipia kama wenzako."

Mama Cherehani alimtazama, akacheka kidogo, akalipa.

"Na hili koti," Koti akaendelea bila haya, "nishonee tiketi yangu ndani ya bitana, hapa kifuani. Mji umejaa matapeli."

"Wee! Hii ni ya kweli?"

"Mama, ndiyo kitu pekee cha kweli nilicho nacho."

Simu ya Koti ikalia, akatoka nje kumdanganya mtu mwingine. Aliporudi, bitana ilikuwa imeshafungwa kwa mishono midogo, safi. Alijipapasa kifuani, akasikia kile kigumu, akaridhika. Njia nzima, joto likiwapika watu ndani ya basi, alikuwa anajipapasa na kutabasamu.

Walipofika, Mama Cherehani aliaga, akapotea kwenye umati. Koti aliwapanga fulana nyeusi zake kwenye lango la nyuma.

"Simameni hapa, jifanyeni mna kazi. Namfuata shemeji."

Mwalimu wa hesabu akaanza kulipima lango kwa mkono. Koti akazunguka mbio hadi lango la mbele, akachana bitana kwa wembe, akachomoa kipande cha kitambaa kigumu, kile cha kutia ndani ya kola, kimekatwa sawasawa na tiketi.

Aligeuza upande wa pili. Kola tupu.

"Mama Cherehani!" alipiga kelele. Lakini gitaa la kwanza lilikuwa limeshaanza kunguruma ndani. Akakimbia lango la nyuma. Watu wake hawakuwepo.

"Wale wenye fulana nyeusi wako wapi?"

"Wapakuaji?" mlinzi alisema. "Wale wa kwetu wameharibikiwa na gari njiani. Msimamizi katoka akawakuta hawa wamezubaa, akawafokea kwa kuchelewa, wakaingia na maspika. Sasa hivi wako pembeni ya jukwaa."

"Mimi ndiye niliyewaleta!"

"Fulana yako iko wapi?"

Koti hakujishonea fulana. Alirudi mbele akihema, akakutana na mwanamume mwenye miwani myeusi.

"Kaka, tiketi unayo?" Koti alimwuliza, karibu kulia.

"Ninayo moja, ila bei yake imechangamka. Nimepewa na shemeji yangu, ndiye msimamizi wa mlango."

Na Koti, mtu mzima, muumba wa mashemeji, aliamini! Alimwaga pesa zote, za kinyozi, za mwenye nyumba, mpaka nauli ya Mama Cherehani. Mashine ya mlangoni ikaikataa ile tiketi, na walinzi wakamtupa nje.

Onyesho lilipokwisha walimkuta amekaa chini ya ukuta, macho mekundu.

"Jamani, mwenzetu katungoja!" mwenye nyumba alilia kwa furaha, akamkumbatia. "Jasho limenirukia kweli! Hapa shavuni! Nilidhani wewe tapeli, nisamehe." Wakambeba juu juu mpaka kwenye basi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Koti alikuwa ametimiza ahadi, na iliuma vibaya sana.

Wakamkalisha karibu na Mama Cherehani, aliyekuwa anapiga mluzi.

"Mama," alinong'ona, "mwisho walipiga upi?"

"Ule wa kwenye kanda ya zamani. Waliweka magitaa chini, uwanja mzima tukauimba."

Koti alifumba macho, na machozi yakamtoka bila ujanja wowote. "Niimbie basi. Kidogo tu."

"Nitakuimbia, mwanangu. Nilipe fulana zangu kwanza."

Koti alipekua mifuko yote. Alichopata ni kile kipande cha kola. Mama Cherehani alikipokea, akakinyoosha pajani, akakitia kwenye mkoba wake, maana kilikuwa mali yake. Kisha akageukia dirishani, akaendelea na mluzi wake.