Diski Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Kompyuta haiwaki. Sawa, nimeiua mwenyewe. Nilitaka iwe na kasi, nikafuta mafaili yote ambayo sikuyajua majina. Sasa skrini nyeusi, na maandishi ya kunilaumu. Ndani mna filamu ambayo mke wangu Selpha ameitengeneza tangu Juni: picha na sauti ya marehemu baba yake. Ibada ya kumkumbuka ni Jumamosi, kwao Ahero. Selpha hajui. Hatajua. Machi nilichukua nakala ya kompyuta nzima, hadi picha ya twiga kwenye skrini, nikaiweka kwenye diski ya nje. Nitairudisha yote ilivyokuwa, basi.

Jumanne, 5
Tatizo moja. Diski iko chumbani kwa mama mkwe. Nilisoma kwamba nakala huwekwa mbali, mahali mwizi hafiki. Nikampa Selpha aipeleke, akaiweka juu ya kabati la mama yake. Nilijisifu wiki nzima. Sikufikiria kwamba mkwe pia hafiki. Mwanamume haingii chumba cha mama ya mke wake, hata nyumba ikiungua.

Jumatano, 6
Ahero. Nilimdanganya Selpha kwamba naenda soko la Kibuye kutafuta viatu. Mama alinikaribisha vizuri, akaniita oora, mkwe wangu, kisha akauliza mbona mikono mitupu, mkwe mwenzangu Calvince huja na sukari. Nikakaa sebuleni nikiitazama kalenda ukutani, nikimpa maelekezo kwa sauti. Goti lake ni baya, hawezi kupanda kiti. Akaleta redio. Akaleta pasi. Akaleta betri ya sola, akihema, nikaona aibu. Mwishowe akachokoa juu ya kabati kwa fimbo, diski ikaangukia kitandani. Aliuliza kama filamu ya mzee iko tayari. Nikasema iko sawa kabisa.

Alhamisi, 7
Nahitaji flashi ya kuamshia kompyuta. Anayo huyo Calvince, mume wa Achola, dada yake Selpha. Huko ukweni hukaa mbele kila sherehe sababu ana projekta. Alinipa flashi na ushauri juu. Eti nisiguse kitu kabla filamu haijatolewa, kwani nakala ikirudi, kompyuta inarudi Machi, na yote ya baada ya Machi yanafutika. "Bwana Wechuli, hiyo kitu itakula filamu," alisema. Wivu tu. Anajua Jumamosi nitapigiwa makofi mimi.

Ijumaa, 8
Kompyuta iliuliza kama nina hakika, kwamba vyote vitafutwa. Sijawahi kuulizwa swali rahisi hivyo. Nikabonyeza ndiyo. Ikafanya kazi asubuhi nzima, ikawaka. Kasi! Twiga wangu wa Machi amerudi. Filamu haipo.

Nimetafuta kila mahali, hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Nikamwambia Selpha. Hakulia. Niliyelia ni mimi. Alisema tu kwamba habari hiyo nitampa Mama mwenyewe, mbele ya watu.

Jumamosi, 9
Nilisimama chini ya hema. Mama mstari wa mbele, fimbo mkononi. Nikafungua mdomo, na mzee akanitangulia kuongea, kwenye kitambaa cheupe nyuma yangu. Anauliza nani ameacha mlango wa kuku wazi. Mama akacheka, kisha akalia, na mimi nikashindwa kujizuia. Kumbe Jumatano, nilipokuwa natazama kalenda, Selpha alirudi nyumbani mapema, akakuta kompyuta imekufa, akamwita Calvince akaitoa filamu. Wakanyamaza wote wawili waone nitafika wapi. Makofi akapigiwa Calvince.

Jumapili, 17 Agosti
Nimetafakari wiki nzima. Mpango haukuwa na kasoro. Nakala ndiyo ilikuwa kuukuu, na juu ya kabati hapafai kwa goti la Mama. Kwa hiyo nimechukua nakala mpya, nikaiandika juu ya ile ya zamani. Selpha aliuliza kama filamu imo. Haimo; nitamwomba Calvince siku nyingine, sina haraka naye. Jana Achola alikuwa akienda Ahero, nikampa diski aitie ndani ya sanduku la chuma la Mama, pamoja na kufuli mpya, ile inayojifunga ukiibana. Ufunguo ninao mimi hapa Kisumu, kwa usalama. Mama amepiga simu tangu alfajiri. Anauliza nguo zake za kanisani atazitoaje.