Duara la Buluu

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Nimepata picha! Imechapwa kwenye karatasi nene, ina fremu na kioo. Bwana shamba Mzungu wa Same anarudi kwao, na Sefu, mpishi wake, kaachiwa vitu vya ukutani. Nimempa jogoo. Ndani mna duara la buluu, miraba miwili na mstari mweusi. Nikamwuliza ni picha ya nini. Akasema bwana wake alimwambia si ya kitu chochote. Nimepanda mlima hadi kwetu Mamba nikiwaza neno hilo. Alhamisi Mzee Eliezeri anakuja kutazama kama nyumba yangu inamfaa binti yake Rogathe. Mshindani wangu Filemoni ana kalenda tu ukutani!

Jumatano, 4 Agosti
Juu ni wapi? Nimeigeuza mara nne. Duara likae juu, kama jua. Jua la buluu? Basi tu.

Alhamisi, 5 Agosti
Balaa. Mzee ndiye mgawa zamu za maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Kaikodolea macho picha, chai kaisahau. Akauliza ndiva yetu kaichora nani. Ndiva gani? Akagusa duara. Halafu mraba mwekundu, pale mstari mweusi unapoishia: shamba la nani? Nikaona nijikweze kidogo. Nikasema langu. Akasema kumbe nimechorewa mfereji kwa siri, wenzangu wakingoja zamu. Akaondoka.

Ijumaa, 6 Agosti
Zamu yangu imesimamishwa! Maharage yananyauka. Shikamoo yangu Mzee hakuiitikia. Lakini nina akili: nimeipindua picha. Sasa duara liko chini, shamba langu juu. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo siwezi kuiba. Nikamwita Mzee aone. Kaja na Filemoni, mwenye shamba bondeni. Filemoni kaona mraba wa manjano umeingia nusu ndani ya duara. Anadai nimepanga kulizamisha shamba lake. Jana nilikuwa na adui mmoja.

Jumamosi, 7 Agosti
Rogathe kapita na kuni. Nimemweleza yote. Akasema nimwambie baba yake ukweli. Njia hiyo sikuwa nimeifikiria.

Jumapili, 8 Agosti
Baada ya ibada nimemwambia Mzee: si ramani, si ndiva, si picha ya kitu chochote. Akanirudishia zamu papo hapo. Nikapata moyo, nikamwuliza habari ya Rogathe. Akanitazama kwa huruma.

"Maji nimekurudishia. Lakini mtu aliyetoa jogoo mzima kwa picha ya kitu kisichokuwapo, nimpe binti?"

Kanisa zima limesikia. Nimeona aibu sana, na kosa langu bado silioni.

Jumatatu, 9 Agosti
Nimeliona! Kosa ni duara. Sefu kabakiwa na picha nyingine, pembetatu tupu. Hiyo ni milima, hata mtoto anajua. Nitampa Mzee zawadi, aitundike kwake. Nashuka Same sasa hivi. Tetea yumo kapuni.