Pasi Inayopimwa kwa Sala

Chumba cha nyuma,
Mbotela, Nairobi.
Jumatatu, 12 Mei 1980

Kwa Mama Wangeci, mwenye nyumba wangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe huko ng'ambo ya ukuta. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwa kweli najua u mzima, maana nakusikia ukipepeta mchele hivi ninavyoandika. Ningebisha mlango, lakini Jumamosi uliniambia, "Usiniletee maneno ya mdomo, Mbithe. Si umesoma? Andika." Basi nimeandika.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi alasiri pasi yako ya stima iliunguza gauni langu la terilini la rangi ya samawati, ambalo nililishonesha makusudi kwa ajili ya jana, siku ambayo wazazi wa mchumba wangu Maingi walikuja kuniona kwa mara ya kwanza. Tundu liko kifuani. Lina umbo la pasi kamili, ncha ikielekea shingoni. Binti yako Wangeci alilitazama akasema, "Sista, sasa umepata dirisha." Wewe unasema kosa ni langu, kwamba terilini imeyeyuka ikaganda kwenye uso wa pasi na pasi haifai tena, hivyo ninunue nyingine mpya, la sivyo nihame mwisho wa mwezi. Mimi nasema, kwa heshima zote, kosa ni la pasi, na pasi ni yako. Hoja zangu nazipanga hapa chini.

1. Kigurudumu cha kupimia moto katika pasi hiyo kilikufa kabla sijahamia hapa. Ukikizungusha, kinazunguka tu, moto haujali. Pasi isiyojua kujizuia haina budi kuchomekwa, kungojewa, kisha kuchomolewa. Katika huko kungojea ndimo ulimo msiba wangu.

2. Siku niliyohamia ulinifundisha namna ya kungojea. Kwako hakuna saa ukutani, kwa hiyo moto hupimwa kwa sala. Ulisema, nami nakumbuka kila neno: "Terilini, Salamu Maria moja. Pamba, Baba Yetu. Suruali za drili za Baba Wangeci, Nasadiki yote, na usiruke mahali." Sikubisha, kwa kuwa mgeni habishi, tena nilikuwa nikivaa pamba tu. Lakini Mama, mimi nimelelewa katika kanisa la misheni kule Machakos, na sisi hatusali Salamu Maria. Siijui. Jumamosi nilisimama mbele ya soketi, gauni nimelitandaza juu ya blanketi, dhamiri ikinihoji kama karani wa mahakama. Mwisho nikasali Baba Yetu, nikidhani sala ni sala.

3. Yafaa nieleze kwamba Baba Yetu yenu na yetu hazilingani urefu. Ninyi mkishaopolewa maovuni mnasema Amina na kuchomoa waya. Sisi bado tuna ufalme, nguvu na utukufu. Tena sikufundishwa kusali mbio. Wewe, unisamehe, husali kama mtu anayepura maharagwe huku mawingu yakikusanyika. Mimi kila neno nalikalia kidogo, nione kama nalimaanisha. Nilipofika kwenye kusamehe nilikaa zaidi, kwa sababu nilimkumbuka dada yangu Kavata, ambaye tumenuniana tangu Krismasi kwa ajili ya kitambaa cha kichwa. Nilimsamehe, na nikajisikia mwepesi. Wakati wote huo pasi ilikuwa ikipata moto. Nauliza, Mama: mpangaji ana hatia kwa kusali vizuri?

4. Utasema ningenusa. Nilinusa. Lakini mpini wa pasi ulivunjika zamani, na Baba Wangeci, kwa kuwa ni fundi wa akala, viatu vya matairi, pale Kariokor, aliutengeneza kwa kipande cha tairi la lori. Tangu hapo pasi hiyo hunuka kuungua hata ikiwa baridi kabatini. Mbwa anayebweka mchana kutwa hamwamshi mtu mwizi akija.

5. Ulisema uani, mbele ya watu, "Pasi ilikuwa nzima mpaka ulipoishika." Nimeitafakari sana kauli hiyo. Kwa kanuni hiyo, mfereji ulikuwa mzima mpaka Bwana Ngui wa chumba cha pembeni alipoufungua, na bati la bafu lilikuwa zima mpaka mvua ilipolinyeshea, hivyo mvua ndiyo inunue bati. Mpangaji mwema atakuwa ni yule asiyegusa kitu, na aliye bora kuliko wote ni yule asiyehamia kabisa. Sidhani ungependa nyumba iliyojaa wapangaji wa namna hiyo.

6. Tukitafuta chanzo tutafika mbali, lakini ni wewe uliyeniambia niandike. Pasi hiyo ulizawadiwa siku ya harusi yako na wanakwaya wa parokia, na Padri akaibariki pamoja na masufuria; ulinionyesha picha. Kwa hiyo ni chombo cha Kikatoliki, nacho kikaazimwa Mprotestanti bila onyo. Ingekuwa dawa, chupa ingeandikwa. Nisingependa kusema kwamba ndoa yako ndiyo iliyoniunguzia gauni. Nasema tu kwamba msingeoana, pasi isingekuwapo. Nilipomsomea Baba Wangeci hoja hii asubuhi pale mferejini, alisugua kidevu akasema, "Andika hivyo hivyo. Hata mimi hiyo harusi imeniunguza." Tafadhali usimkasirikie. Namtaja kama shahidi tu.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Pasi istaafu, iwekwe juu ya kabati asiiguse mtu, mpaka Padri wenu na Mchungaji wetu watakapokaa pamoja na kukubaliana sala moja ya terilini. Unishonee gauni jingine, la samawati. Na zaidi ya yote, Mama, usinihamishe. Chumba hiki ni cha kwanza maishani mwangu ambacho nimefunga mlango nikawa peke yangu na mawazo yangu. Nyumbani tulilala wasichana watano kitanda kimoja, na hata ndoto tuligawana. Hapa nimezoea kikohozi cha Baba Wangeci na wimbo wako wa kuosha vyombo, ule usio na ubeti wa pili. Kuhama naweza, vitu vyangu vinaingia kwenye sanduku moja. Sitaki.

Kuhusu nilichovaa jana mbele ya wageni, hilo haliingii katika madai haya na sitalieleza.

Nisalimie Baba Wangeci, na Wangeci pamoja na dirisha lake, na Bwana Ngui asiyejua kwamba nimemtaja, na kuku wako aliyelala juu ya blanketi langu la kupigia pasi. Nangoja jibu lako kwa maandishi, ingawa nitakusikia ukilisoma hili kwa sauti.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu,
Mbithe Kiilu

Tanbihi. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua nilipoliona gauni lako juu ya kiti. Ni lile la Pasaka, la terilini ya kahawia, ulilolitoa sandukuni jana asubuhi bila kuniuliza, ukaikwangua pasi kwa kisu cha mkate, ukalipiga pasi hiyo hiyo huku midomo ikikuchezacheza, ukanivisha na kunibana pini mgongoni kwa kuwa kwa unene wewe ni wawili wangu. Halikuungua hata uzi. Mama yake Maingi alinizungusha, akaziona pini, akauliza ni nani aliyenivisha kwa subira hivyo. Nikamwambia, ni mama. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, nami sikuona haja ya kumsahihisha. Sasa gauni limekunjamana, na cha kuazima hakirudishwi kimekunjamana. Tafadhali mpe Wangeci pasi anipitishie. Amenifundisha Salamu Maria leo mchana. Nitaisali mbio, na Mungu ataelewa kwamba ni kwa ajili ya terilini.